Kuipamba Nyumba Kabla ya Kuiuza: Pambo Linaishia Wapi na Ghishi Inaanzia Wapi?



Nyumba nyingi zinazouzwa hapa visiwani ni za urithi. Mzee amefariki, warithi ni saba, mmoja yuko Chake Chake, wawili wako Maskati, mwengine Dar es Salaam, na nyumba ya vyumba vinne haigawiki. Wanakubaliana iuzwe. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Wa Maskati anataka itiwe marumaru na dari ya jipsamu, kwani nani siku hizi anataka kulala chini ya boriti? Dada mkubwa anasema isiguswe. Dalali yeye anasema ipakwe rangi tu, ifukizwe udi, na kabati lisogezwe liizibe ile kona ya nyuma.

Katika rai hizi tatu, moja ni ya ladha, moja ni ya uvivu kidogo, na moja ni haramu.

Asili ya kuipamba bidhaa ni halali. Kufagia, kupaka chokaa, kukata majani uwani, kutoa makochi mabovu na kufungua madirisha upepo upite, hakuna anayedanganyika kwa hayo. Mnunuzi anajua kwamba nyumba imesafishwa kwa ajili yake, na muuzaji anayemkaribisha mtu katika vumbi anajipunguzia bei mwenyewe.

Lakini wanunuzi hawapendi kitu kimoja. Familia yenye mabinti itatazama kama mgeni anaweza kukaa barazani bila ya kuona ndani. Anayepikia kuni anataka uwa. Aliyezoea maisha ya Ghuba anataka choo ndani ya chumba cha kulala. Mwenye kutaka nyumba ya wageni Mji Mkongwe analipia zile zile boriti na ule mlango wa kuchonga ambao wewe unataka kuung'oa. Pesa utakazotia kwenye ladha yako huenda mnunuzi akazibomoa wiki ya kwanza. Basi zitiwe pale ambapo hakuna mtu anayependa: bati linalovuja, karo lililojaa, bomba linalotiririka, waya za umeme zinazoning'inia. Rangi iwe nyeupe, kila mtu ataweka yake.

Na nyumba za mawe zina lao. Kuta zake zimejengwa kwa mawe na chokaa, nazo hupumua. Ukizipiga plasta ya saruji ili zionekane mpya, unyevu hubaki ndani, na baada ya muda plasta hututumka na chumvi hutoka. Zaidi ya hayo, Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya jengo yanataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Kuna jambo warithi wengi hulisahau: pesa za matengenezo ni za nani? Mrithi akitia marumaru bila ya idhini ya wenzake, hana haki ya kuwadai. Akiwepo yatima miongoni mwao, msimamizi wake hawezi kuichezea sehemu ya mtoto kwa sababu ya ladha ya ami yake.

Sasa tuje kwenye kabati na udi. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wasallam) alipitia rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono, vidole vikakuta majimaji. Muuzaji akasema kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka juu watu wakione, na hapo likaja onyo kali la Mtume juu ya mwenye kughushi. Ameipokea Muslim. Tazama kwamba mvua haikuwa kosa lake. Kosa lilikuwa ni kuficha.

Katika Bukhari na Muslim pia kuna katazo la kumfunga ngamia au mbuzi chuchu siku chache maziwa yajae, ili mnunuzi adhani ndiyo kawaida yake. Mnunuzi akishakamua ana khiyari: abaki naye, au amrejeshe pamoja na pishi ya tende. Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) katika Minhaj ameambatanisha na hilo kuyazuia maji ya mfereji kisha kuyafungulia wakati wa kuuza. Nani kati yetu hajui mfano wake? Mtaa unapata maji mara mbili kwa wiki, muuzaji ananunua gari la maji, anajaza tangi, na mnunuzi anapokuja kila bomba linafoka. Hukumu ni ile ile. Kadhalika rangi juu ya ukuta wenye unyevu, udi wa kuzima harufu ya karo, na jipsamu ya kuficha boriti zilizoliwa na mchwa.

Nawawi huyo huyo anataja kwamba mtumwa akipakwa wino nguoni ili adhaniwe ni mwandishi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi mnunuzi hapati khiyari, kwani alitakiwa aulize. Basi makochi ya kuazima na mapazia mapya hayavunji biashara. Hakuna anayenunua makochi.

Wengine hukimbilia maneno "nauza kama ilivyo". Katika madhehebu ya Shafi, sharti hilo linamtoa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe haijui. Nyumba haimo. Na dalali asiseme "mimi nimetumwa tu": mwenye kuijua aibu anawajibika kuieleza hata kama si yeye anayeuza. Mnunuzi naye akigundua aibu ya zamani asikae nayo, kwa sababu haki ya kurejesha ni ya haraka. Akiendelea kuitumia kwa hiari yake huku anajua, imempotea.

Kwa hiyo kabla ya kuandikiana mbele ya mashahidi na sheha, mnunuzi apandishwe juu ya paa, afunguliwe karo, aambiwe maji yanatoka siku gani, na aibu ziandikwe ndani ya hati ya mauziano pamoja na bei iliyokubaliwa baada ya kuzijua.

Wallahu a'lam.