Simu zitaongezeka, hisa je?

Mwishoni mwa mwaka 2000, ratili moja ya tantali, madini yanayotolewa katika koltani, ilivuka dola 200 kwenye soko la dunia. Mwaka ulipoanza ilikuwa chini ya dola 50. Huko Kivu, mashariki mwa Kongo, wakulima waliacha mihogo wakashika sururu kuchimba koltani. Waliovuta bei ni watengenezaji wa simu na mitambo ya mawasiliano, walioagiza kupita mahitaji yao kwa hofu ya kukosa. Mwaka 2001 maagizo yakakatika, bei ikarudi chini ilikotoka.

Wawekezaji wa Toronto nao waliungua kwa moto huohuo. Nortel, kampuni ya Kanada iliyotengeneza mitambo ya mitandao, ilikuwa imebeba zaidi ya theluthi ya kipimo kikuu cha soko lao la hisa. Katikati ya mwaka 2000 hisa yake ilifika dola 124 za Kanada. Mwaka 2002 ilishuka chini ya dola moja. Januari 2009 kampuni ilikimbilia mahakamani kujikinga na wadai.

Walionunua Nortel hawakukosea kuhusu simu. Zilienea kweli, hata Kongo, ambako Vodacom ilianza kazi mwaka 2002 nchi ikiwa bado vitani. Walichokosea ni bei na wakati.

Muuza mitambo si sawa na mwenye mtandao. Mwenye mtandao hula kila siku: kila vocha, kila bando, kila fedha inayotumwa kwa simu kutoka Kamina kwenda Malemba-Nkulu humwachia kitu. Muuza mitambo hula kwa msimu. Mitandao ikihamia teknolojia mpya, maagizo humiminika miaka michache. Minara ikishasimama, hungoja. Oktoba 2019, huku dunia ikiisifu 5G, Nokia ilisimamisha gawio na hisa yake ikapoteza zaidi ya humusi ya thamani kwa siku moja. Siasa nayo ina mkono wake. Aprili 2018 Marekani iliizuia ZTE ya China, muuza mitambo mwingine, kununua vipuri kwa kampuni za Marekani. Hisa za ZTE, zilizokuwa zimesimamishwa, ziliporudi sokoni Hong Kong mwezi Juni, zilianguka kwa takriban asilimia 40 siku hiyohiyo. ZTE hiyo ndiyo iliyoshirikiana na serikali ya Kongo katika kampuni ya simu ya Congo Chine Télécom, iliyonunuliwa na Orange mwaka 2011.

Mwenye mtandao naye hana kinga. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza sehemu ya hisa zake za kampuni ya simu ya Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na wengi walikopa ili wanunue. Haukupita mwaka zikashuka chini ya 3. Mwaka 2021 zilivuka 40. Mwaka 2023 zilishuka chini ya 15. Aliyelazimika kuuza mwanzoni alipe mkopo alipata hasara katika kampuni iliyokuwa ikikua.

Huko Malemba-Nkulu, kando ya mto Lualaba, ukuaji unaosubiriwa hauhitaji kuelezwa. Wavuvi wa Lualaba na wachimbaji wa kasiteriti wanataka mtandao. Lakini mafuta na vifaa vya minara husafiri kwa reli hadi Bukama, kisha kwa mto, na kila hatua ina bei yake. Kijiji kisicho na mtandao ni soko la kesho, ila mnara wake unakula mafuta leo.

Kongo haina soko la hisa. Airtel Africa na Helios Towers, zenye shughuli nchini, ziliingia soko la London mwaka 2019. Helios ilianza kwa peni 115, na mwishoni mwa 2023 ilikuwa bado chini ya bei hiyo ingawa minara yake iliongezeka. Kwa hiyo anayekuja na simu mkononi akikuuzia "hisa za mtandao" hapo gatini mtoni, muulize zimeandikishwa soko gani na nani anazitunza. Akibabaika, shika fedha zako.

Na mwenye njia halali ya kununua ajiulize mambo matatu. Kampuni hii inalipwa kila siku au kwa msimu wa maagizo? Bei ya leo imeshameza faida za miaka mingapi ijayo? Na fedha hizi naweza kuziacha miaka mitano bila kuzigusa? Ada ya mtoto na zamu ya likelemba zisiingie humo kamwe.