Je, Wajua? Waya Mweusi Una Sura Mbili

Je, wajua kwamba waya mweusi ulio nyutro katika nyumba moja unaweza kuwa wa moto katika nyingine? Kwa utaratibu wa zamani wa Uingereza, uliozoeleka pia Kenya na Tanzania, waya mwekundu ni laivu na mweusi ni nyutro. Marekani mambo ni kinyume: mweusi ndio wenye moto, na nyutro ni mweupe.

Uingereza yenyewe ilianza kubadili mwaka 2004 ili ilingane na majirani zake wa Ulaya: kahawia laivu, bluu nyutro. Tangu Aprili 2006 kazi mpya zikalazimika kufuata rangi hizo. Mtego uko kwenye umeme wa fezi tatu. Zamani bluu ilikuwa fezi, yenye moto kamili; sasa ni nyutro. Nyeusi nayo imetoka kwenye nyutro ikawa fezi! Nyumba ikiongezwa chumba, rangi za enzi mbili hukutana ukutani, na hapo fundi asiyetoa testa mfukoni anacheza kamari.

Ethi je? Ni kijani chenye mistari ya njano, na mistari hiyo si pambo. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, takriban mmoja kati ya 12 hutatizika kutofautisha nyekundu na kijani. Rangi mbili zilizopangwa kwa mistari humsaidia kuutambua waya huo. Ujerumani ya zamani ilikuwa na kioja chake: huko waya wa ethi ndio uliokuwa mwekundu.