Miseli za Polima na Kitenzi "Kulenga": Uchunguzi wa Dhana na Istilahi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza dhana ya miseli za polima, ambazo hutumika kubeba dawa za saratani iliyosambaa mwilini, na kuchunguza iwapo kitenzi "kulenga", ambacho aghalabu huambatanishwa na dawa hizo, kinaafikiana na utendaji wake. Suala hili haliwahusu wanaisimu peke yao. Mgonjwa anayeambiwa kwamba dawa inalenga uvimbe huyapima matibabu kwa maana anayoijua ya neno hilo.

2.0 Umbo na Kazi ya Miseli

Molekuli ya polima inayohusika ina sehemu mbili: moja hupatana na maji na nyingine huyakwepa. Molekuli hizo zikiwa nyingi vya kutosha katika maji, hujikusanya zenyewe na kuunda vitufe ambavyo kwa kawaida vina kipenyo cha nanomita 10 hadi 100. Sehemu zinazokwepa maji hujificha ndani; zinazopatana nayo hubaki nje. Sabuni huondoa mafuta katika nguo kwa kanuni hiyo hiyo. Katika miseli, mahali pa mafuta huchukuliwa na dawa.

Umuhimu wa jambo hili unadhihirika katika paklitakseli, dawa isiyoyeyuka vizuri katika maji. Katika dawa ya kawaida, huyeyushwa kwa alkoholi na mafuta ya mbarika yaliyobadilishwa kikemikali, ambayo yanaweza kusababisha mzio mkali. Genexol-PM, miseli iliyoidhinishwa nchini Korea Kusini mwaka 2007, hubeba paklitakseli bila mafuta hayo.

3.0 Utata wa Kitenzi "Kulenga"

Kwa kawaida, anayelenga huwa ameiona shabaha yake, kama mwindaji na mnyama. Miseli haioni. Mwaka 1986 Matsumura na Maeda, wataalamu wa Japani, walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, hivyo molekuli kubwa hupenya na kukawia humo. Kwa msingi huo, miseli huzunguka pamoja na damu, na baadhi yake hunasa kwenye uvimbe. Hata hivyo, uvujaji huo hutofautiana baina ya vivimbe, na vile vichanga vya saratani iliyosambaa huweza kuwa bado havina mishipa ya kutosha.

Wilhelm na wenzake, katika uchambuzi wa mwaka 2016 wa tafiti zilizofanyiwa wanyama, walikuta kwamba mediani ya chembe za nano zilizofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 tu ya kipimo kilichodungwa. Aidha, jaribio lililochapishwa mwaka 2019, lililowahusisha wagonjwa 436 wa saratani ya matiti iliyosambaa au iliyorejea, halikuthibitisha kwamba NK105, miseli yenye paklitakseli, hailegei mbele ya paklitakseli ya kawaida katika kuzuia ugonjwa usiendelee. Hata hivyo, madhara makali ya neva za hisi yalikuwa machache zaidi kwa waliopewa NK105.

4.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba faida iliyo wazi zaidi ya miseli hizi ni kuifikisha dawa katika damu kwa madhara machache, wala si kuitafuta saratani ilipo. Kwa hiyo, "kubeba" ndicho kitenzi kinachostahili kuundiwa istilahi. "Kulenga" kitengewe dawa zilizopachikwa molekuli ya kuzitambua seli za saratani. Istilahi inayoahidi kuliko dawa yenyewe humnyima mgonjwa haki ya kuamua akiwa anajua.