Jioni Marangu: Mbege, Bia na Hesabu Zake

Marangu iko kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, upande wa kusini-mashariki. Wageni hawakuanza kufika huko leo. Mwaka 1889 Hans Meyer wa Ujerumani na Ludwig Purtscheller wa Austria walipanda kutokea upande huo, wakafika kileleni. Mwaka 1973 mlima ukafanywa Hifadhi ya Taifa. Siku hizi watu huja kutoka kila pembe ya dunia.

Waongozaji wameipa njia ya Marangu jina la kinywaji: wanaiita njia ya Coca-Cola. Njia ya Machame ni ngumu zaidi. Hiyo wanaiita njia ya Whiskey!

Mchana kila mtu anautazama mlima. Lakini saa moja jioni giza linaingia. Je, watu wanakwenda wapi?

Wageni wengi hukaa hotelini. Wanakunywa bia ya chupa, wanakula, wanaimbiwa. Wimbo wanaoupenda sana ni "Jambo Bwana". Wengine hudhani ni wimbo wa kale wa mlimani. Sivyo. Ulitolewa mwaka 1982 na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya. Wapagazi wameubadilisha maneno, wakaingiza Kilimanjaro.

Wenyeji wengi wanakwenda kilabuni. Huko kuna mabenchi, maneno mengi, na mbege.

Mbege inataka subira. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka ziwe nyekundu. Halafu huachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao huoteshwa, hukaushwa na kusagwa, kisha hupikwa uji. Hutiwa gome la mti wa msesewe, ndilo linaloleta uchungu. Maji ya ndizi huchujwa, huchanganywa na uji huo. Baada ya muda mfupi mbege iko tayari. Lakini haingoji. Ikikaa siku mbili tatu inakuwa kali, haina mnunuzi.

Wapishi wengi ni akina mama. Na hapa ndipo penye shida, kwa sababu pombe inauzika lakini fedha haionekani. Tufanye hesabu.

Tuseme mama amepika lita 100. Anauza lita moja kwa shilingi 1,000. Wote wakilipa, anapata shilingi 100,000. Watu watasema, "Mama huyu tajiri!" Ngoja kwanza. Mikungu 4 ya ndizi kwa shilingi 10,000 ni 40,000. Ulezi kilo 10 kwa shilingi 2,500 ni 25,000. Kuni ni 15,000. Jumla ametumia 80,000. Kinachobaki ni 20,000, na hapo hatujahesabu jasho lake la wiki nzima.

Sasa wanakuja wateja wanne wa kila siku. Kila mmoja anakunywa lita 5 na kusema, "Mama, niandike kwenye daftari." Hizo ni lita 20, yaani shilingi 20,000. Faida yote imeingia daftarini! Eti ndizi ni za shambani kwake? Hata hivyo zina bei. Angeweza kuzipeleka sokoni.

Mgeni naye anapenda kuona mbege inavyopikwa. Anataka kuonja kata moja, si kulewa. Hapo mama anauza maelezo pamoja na pombe, kwa hiyo bei ipangwe mapema na mwongozaji, na sehemu ya mama ijulikane. Kama mwongozaji peke yake ndiye anayepokea fedha, mama amefanya kazi ya bure. Maji yawe yamechemshwa, na kata ioshwe. Tumbo la mgeni likiharibika, hatapanda mlima.

Wapagazi nao wana jioni yao. Wanashuka wamechoka. Wamebeba mizigo ya mpaka kilo 20 kwa siku kadhaa. Wanalipwa mara moja, na kilabu kiko njiani. Baadhi yao wana akili nzuri: fedha wanaipeleka nyumbani kwa simu kabla ya kukaa kwenye benchi. Nadhani hiyo inasaidia kuliko maonyo mengi.

Jambo la mwisho ni gongo. Gongo si mbege. Hutengenezwa kwa mvuke, na wauzaji wabaya huongeza spiriti ya viwandani. Spiriti hiyo ina sumu iitwayo methanoli. Huwezi kuijua kwa harufu wala kwa ladha. Mwaka 2000 huko Nairobi, Kenya, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe yenye sumu hiyo, na wengine walipofuka.

Dalili zinaweza kuchelewa mpaka kesho yake. Tumbo linauma, mtu anatapika, macho yanaona ukungu. Akisema haoni vizuri, msiseme ni ulevi tu. Msimwache alale. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mwambieni mganga alikunywa nini.