Mwanajeshi mstaafu atibiwe wapi, na mjane wake apate nini?

Ulinzi wa nchi ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Hospitali na zahanati, isipokuwa zile za rufaa za kitaifa, ni kazi ya kaunti. Ndivyo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilivyogawa majukumu, na mgawanyo huo ndio chanzo cha safari nyingi za bure. Mjane wa Kedowa anayefuatilia pensheni ya marehemu mumewe katika ofisi za kaunti hatasaidiwa huko, kwa kuwa pensheni ya kijeshi hutoka Nairobi. Naye mstaafu anayesafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Nairobi kwa ajili ya shinikizo la damu huenda angepata dawa hiyo hiyo Londiani.

Tuanze na matibabu. Mstaafu wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) ana milango miwili. Wa kwanza ni bima ya jeshi lenyewe, DEFMIS, iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi. Hii ni ya wastaafu waliosajiliwa pamoja na wategemezi wao wanaotambuliwa na mpango huo. Neno la kushika hapo ni "waliosajiliwa". Mke ambaye jina lake halimo katika rekodi za jeshi, au mtoto aliyezaliwa baada ya fomu kujazwa, anaweza kujikuta nje. Rekodi husahihishwa kwa urahisi zaidi mwenye namba ya utumishi akiwa hai na akiweza kutia sahihi.

Mlango wa pili ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Sheria inamtaka kila mkazi wa Kenya ajisajili, hata aliye na bima nyingine. Unajisajili kwa kitambulisho ukipiga *147#, au katika kituo cha afya, au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwako. Ukishasajiliwa, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi bila wewe kutoa mchango. Kulazwa na upasuaji ni jambo jingine: lazima mchango uwe umelipwa. Asiye na mshahara hukadiriwa asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mchango huo humhusu mchangiaji, mwenzi wake na watoto. Mama mzazi wa mwanajeshi hamo. Yeye hujisajili mwenyewe.

Kuna majeraha ambayo hayaonekani kwenye eksirei. Wanajeshi wetu waliingia Somalia Oktoba 2011. Kambi ya El Adde ilishambuliwa tarehe 15 Januari 2016, na wengi wa waliokuwa hapo walitoka Moi Barracks, Eldoret, ambayo si mbali na kwetu. Baadhi ya waliopitia vita kama hivyo sasa ni wakulima wa viazi na wafugaji katika vijiji vyetu. Mtu asiyelala usiku, anayeruka lori likipiga mshindo barabara kuu, anayekasirikia watoto bila sababu au anayejificha ndani ya pombe, si lazima awe amerogwa wala si mkorofi. Huo ni ugonjwa unaotokana na kiwewe na una tiba. Mke ndiye huuona kwanza, na anaweza kumwambia mhudumu wa afya ya jamii au muuguzi wa zahanati bila kungoja mume akubali kwamba anaumwa. Hospitali ya kaunti haimwulizi mgonjwa aliondokaje jeshini. Hata aliyefukuzwa hutibiwa.

Aliyepoteza mguu au uwezo wa kusikia aombe tathmini ya ulemavu, ambayo ndiyo msingi wa kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Wazee wa King's African Rifles na wajane wao wana njia tofauti. Kikosi hicho kiligeuka kuwa Kenya Rifles siku ya uhuru, 12 Desemba 1963, na waliotolewa baada ya Vita vya Pili vya Dunia hawakupewa pensheni. Chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, ndicho cha kuulizwa kuhusu msaada kwa waliotumikia Uingereza kabla ya uhuru. Mjane wa namna hiyo aliyefikisha miaka 70, asiye na pensheni, anaweza pia kuombewa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwenye pensheni hastahili.

Jambo linalozikwamisha familia zetu kuliko yote ni ndoa. Wengi walioana kwa koito, mbele ya wazee, na hakuna anayeitilia shaka ndoa hiyo kijijini. Lakini pensheni na malipo ya kifo hudai cheti. Tangu Agosti 2017 ndoa za kimila husajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, na walio na wake zaidi ya mmoja hawakuachwa nje. Maombi hufanywa kupitia eCitizen, na barua ya chifu huhitajika. Sheria hiyo inawataka mume na mke wafike wenyewe mbele ya msajili. Mume akifa kabla ya hapo, mjane hubaki na njia ndefu ya viapo, mashahidi na mahakama, huku malipo yakisubiri.