Tuliwapeleka watoto porini: likizo yetu Mabira



Kila mwaka shule zinapofungwa mwezi wa saba, swali ni lile lile katika nyumba zetu za Butembo na Beni: watoto wafanye nini hadi mwezi wa tisa? Wengine wanauza maandazi kando ya barabara, wengine wanaenda kwa bibi, wengine wanacheza mpira katikati ya mapikipiki huku sisi tukiwa sokoni roho mkononi.

Safari hii sisi wamama watatu wa likelemba moja tulijaribu jambo jipya. Tuko mwalimu, muuza vikwembe na mama wa mapacha. Kwa zaidi ya mwaka tuliweka kando pesa kidogo kila juma. Likizo kubwa ilipofika, tulivuka Kasindi pamoja na watoto saba na baba mmoja wa kutusaidia mizigo, tukaenda hadi msitu wa Mabira, nchini Uganda. Kule watu wanapanda juu ya miti mirefu na kuteleza kwenye waya kutoka mti hadi mti. Mchezo huo unaitwa ziplaini. Wale waliosoma Kifaransa wanaujua kwa jina la tirolieni.

Tangu turudi, wengi mmetuuliza: "Mlikuwa na akili gani? Watoto wa kwetu, mnawapeleka porini?" Makala hii ni jibu letu.

Neno "pori" kwa mtoto wa kwetu

Sisi wakubwa tulipokuwa wadogo, pori lilikuwa pahali pa kuni, pa uyoga na pa hadithi za sungura. Watoto wetu hawakulijua pori hilo. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kufuatana katika eneo la Beni, pori kwao ni pahali baba alipokwenda kuchuma kakao asirudi. Ni upande ambao watu hutokea usiku. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule hajasikia habari nyingine ya msitu.

Kati ya watoto saba tulikuwa na mvulana wa miaka kumi na mmoja. Jina lake hatutalitaja. Alifika Butembo na mama yake mdogo kutoka upande wa Oicha, baada ya baba yake kuuawa shambani. Darasani anapenda kukaa karibu na mlango. Hata mikalitusi ya kilimani ikisimama pamoja, anauliza nani yuko ndani.

Tulibishana siku nyingi kama tumpeleke. Mmoja wetu aliogopa kwamba tutamfungua kidonda. Mama yake mdogo ndiye aliyekata shauri. Alisema: "Mkimwacha peke yake, ataona kwamba ninyi pia mnamwogopa. Mpelekeni, lakini msimsukume." Tulimwahidi.

Kuvuka Kasindi

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, na kutoka Beni hadi Kasindi ni kama 80. Mnaijua barabara hiyo. Mnajua pia kwamba mtu haondoki bila kuuliza kwanza habari za njiani. Tuliondoka asubuhi, tukasali, tukafika salama.

Mpakani tuliwakumbusha watoto kugeuza saa. Ng'ambo ya Kasindi saa inasogea mbele kwa saa moja, na mama asiyejua anaweza kukosa basi lake akiwa anaona bado mapema. Pale Mpondwe tulinyamaza kidogo. Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha ilishambuliwa hapo, na watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Watoto wetu wanajua. Hatukuwaficha, tuliwaambia tuwaombee.

Usiku wa kwanza tulilala Kasese kwa jamaa. Bakonzo na Banande ni ndugu, na asubuhi watoto walishangaa kusikia "Wabukire" nje ya Kongo. Mapacha waliuliza kama tumerudi nyumbani bila kujua!

Siku ya pili ilikuwa ya basi hadi Kampala, na siku ya tatu tulishika barabara ya Jinja. Karibu na Lugazi kuna mashamba ya miwa pande zote. Kisha miwa inaisha na miti inaanza.

Msitu ambao watu waliutetea

Mabira ni hifadhi ya msitu tangu 1932. Una ukubwa wa kilomita za mraba kama 300, na ndani yake kuna zaidi ya aina 300 za ndege, pamoja na kima wenye mkia mwekundu ambao watoto waliwaona kabla hata ya kushusha mizigo. Unafanana na msitu wa kwetu: miti mirefu, kamba za porini zinazoning'inia, joto la unyevu na vipepeo njiani.

Mwaka 2007 serikali ya Uganda ilitaka kutoa kama hektari 7,100 za msitu huo, karibu robo yake, ili pandwe miwa. Watu walikataa. Aprili mwaka huo waliandamana Kampala, kukawa na fujo na watu wakafa. Mwishowe mpango uliwekwa kando. Tuliwaeleza watoto wakubwa habari hiyo, kwa sababu miti waliyokuwa wanapanda ingeweza kuwa sukari leo.

Tulifikia kambi ya Griffin Falls, ambayo inaendeshwa na watu wa vijiji vya pale. Jina linatokana na maporomoko ya mto Musamya yaliyo karibu.

Mikanda, kapi na kikwembe

Mbele ya kupanda, kila mtu anavalishwa mikanda inayopita mapajani na kiunoni, kofia ngumu kichwani na glavu mkononi. Hapo ndipo shida ya kwanza ilitokea. Muuza vikwembe alikuwa amevaa kikwembe chake kizuri cha safari, na mikanda haiwezi kupita juu ya kikwembe. Ilibidi aazime suruali ya michezo ya yule baba tuliyekuwa naye. Alipotoka ameivaa, watoto walipiga makofi.

Sisi tunaofundisha hatukuweza kunyamaza, tulifanya somo pale pale. Waya umefungwa juu zaidi upande mmoja na chini kidogo upande wa pili, kwa hiyo uzito wa mtu mwenyewe ndio unaomvuta kushuka. Mikanda inaungwa kwenye kapi, yaani gurudumu dogo linalotembea juu ya waya, sawa na lile la kuvutia ndoo kisimani. Waya ukiwa na mteremko mkali, mwendo ni wa kasi. Ukiinama kidogo tu, mtu anakwenda polepole. Breki ni mkono wenyewe: unabonyeza waya kwa glavu nyuma ya kapi. Mkono ukiwekwa mbele, kapi litapita juu ya vidole.

Mapacha walitangulia. Walipiga kelele kutoka mti wa kwanza hadi wa pili, na kabla hatujamaliza kusema "Bwana asifiwe" walikuwa wanauliza waya mwingine uko wapi.

Kisha ikawa zamu ya muuza vikwembe. Woga ulimfanya abonyeze breki mapema mno. Alisimama katikati, mto Musamya chini yake, akaning'inia kama nguo kwenye kamba. Alianza kuomba kwa Kinande, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Sisi, Mungu atusamehe, tulicheka. Lakini kijana aliyetuongoza hakucheka. Alijifunga kwenye waya, akajivuta kwa mikono hadi pale alipokuwa, akamwambia, "Pole, mama, niko hapa," akamvuta polepole mpaka jukwaani.

Mvulana wetu alikuwa amekaa chini muda wote, mgongo kwenye ukuta wa nyumba ya kambi, macho kwenye miti. Hakuwa ameomba kitu. Baada ya kuona jambo hilo, aliinuka, akamwendea yule kijana na kumuuliza: "Usiku nani analinda huku?"

Kijana alijibu: "Usiku sisi wenyewe tunalala hapa. Na watoto wetu wanalala kijijini, pale nyuma."

Mtoto akafikiri. Akaomba kuona kulabu. Alifunga, akafungua, akafunga tena, akavuta kwa nguvu zake zote. Kijana alimwacha afanye hivyo mara nyingi alivyotaka, hakumharakisha. Kisha mtoto alipanda ngazi hadi jukwaa la kwanza, akiwa amefungwa kila hatua. Alikaa kule juu kitambo akitazama. Akasema anataka kushuka. Akashuka kwa ngazi ile ile.

Watoto wengine walitaka kumcheka. Tuliwatazama, wakaacha. Sisi hatukumwambia amefaulu wala ameshindwa. Tulimpa chai.

Asubuhi iliyofuata

Tulilala kambini. Kesho yake kulikuwa na matembezi ya miguu msituni, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu. Alitembea nyuma ya kiongozi, amebeba kamba yake begani kama msaidizi. Njiani alisimama mara nyingi kusikiliza. Sisi tulijua anasikiliza nini. Kwao alikuwa amefundishwa: ndege wakinyamaza ghafla, kimbia.

Tulitembea muda mrefu. Karibu na maporomoko aligeuka akatuambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, hapa ndege hawanyamazi."

Hakuteleza kwenye waya hata mara moja. Tulirudi Butembo hivyo. Wengine watasema pesa yetu ilipotea kwa mtoto huyo. Sisi tunasema hapana. Tuliyemjua alikuwa anaamini kwamba miti ndiyo inayoua. Sasa ameona kwa macho yake kwamba kuna pori ambalo watu wanalala kando yake, watoto wanacheza ndani yake, na mtu akikwama juu yake anafuatwa. Wabaya ni watu fulani, miti haina kosa. Somo hilo hatungeweza kumfundisha ubaoni.

Sisi pia tulijifunza. Mara ngapi tunamwambia mtoto "usiogope, wewe ni mwanaume", kama vile woga ni uchafu wa kupanguswa? Mtoto wa kwetu ana sababu ya kuogopa. Hahitaji kuchekwa wala kusukumwa. Anahitaji aachwe ajaribu kulabu yeye mwenyewe, apande kadiri anavyoweza, na ajue kwamba ngazi ya kushukia iko.

Kwa kundi linalotaka kujaribu

1. Anzeni na karatasi. Kila mtoto awe na hati za kuvukia na karatasi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa mtoto asiye wako, beba barua ya ruhusa iliyosainiwa na wazazi au walezi wake.

2. Wekeni akiba pamoja, polepole, na mwekeni mmoja wa kuandika kila faranga. Ulizeni mapema bei ya wakubwa, ya watoto na ya kulala.

3. Ulizeni kuhusu uzito na umri. Mtoto mwepesi sana anaweza kusimama katikati ya waya kabla ya kufika.

4. Mbele ya kupanda, tazameni haya: kofia haina ufa, mikanda haijachanika, kila mtu anafungwa pahali pawili, na juu ya jukwaa hakuna anayefunguliwa kabla ya kufungwa kwingine. Kiongozi mmoja atangulie kupokea, mwingine abaki kutuma. Msiporidhika, rudini. Kupoteza pesa si kupoteza mtoto.

5. Vaeni suruali na viatu vinavyofungwa. Nywele ndefu na vitambaa vya kichwa vifungwe vizuri, visiingie kwenye kapi. Hereni na mikufu vibaki kambini.

6. Mwenye mimba, mwenye shida ya moyo au ya mgongo abaki chini. Kazi ya kupiga picha na kuchekelea pia ni kazi.

Na kwa wanaobaki nyumbani

Tunajua wengi hawana nafasi ya safari kama hii. Lakini somo la kapi halihitaji Uganda. Funga uzi kutoka juu ya mlango hadi mguu wa meza, pitisha kibuyu cha uzi kilicho kitupu, ning'inizia kijiwe, kisha watoto wabadilishe mteremko wapime kwa kuhesabu. Watacheka mchana mzima, na watakuwa wamesoma fizikia.

Jihadharini na jambo moja tu. Juma la kwanza baada ya kurudi, tuliwakuta mapacha wamefunga kamba ya kuanikia nguo kutoka mti wa avoka hadi nguzo ya ua, mmoja akiwa tayari juu ameshika hanga. Kamba ya nguo si waya, na hanga si kapi. Waambieni watoto wenu mapema, na waambieni pia kwamba nyaya za umeme haziguswi kamwe.

Aliyewashtaki mapacha kwetu alikuwa yule mvulana. Alisimama chini ya mti, ameudhika kama mwalimu. "Nimewaambia hawajafunga pahali pawili," alisema.

Wamama, kama kundi lenu limefanya safari na watoto, hata ya nusu siku, tuandikieni tusome. Na mwaka ujao, Mungu akipenda, tutaanza tena kuweka akiba. Mvulana wetu ametuuliza tayari ni kiasi gani kila juma.