Kinywa cha mgonjwa wetu: tusikisahau



Familia nyingi zilizokimbia vita katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri zilikimbia pamoja na wazee, waliopooza na majeruhi. Popote zilipofikia, kambini au kwa wenyeji waliozipokea, kuna mtu anayengoja mwingine amlishe na amwogeshe. Mwili unaoshwa, lakini kinywa mara nyingi kinasahauliwa.

Kwa nini ni muhimu?

Mabaki ya chakula hulisha vijidudu, meno yakaoza na fizi zikavimba. Mtu asiyemeza vizuri anaweza kuvuta mate yenye vijidudu hivyo hadi mapafuni. Hapo anaweza kupata homa ya mapafu, ambayo huua watu dhaifu. Tena, anayeumwa na jino hula kidogo na kusema kidogo. Mzee akikataa ugali na kunyamaza kikaoni, watu hudhani amekasirika. Kumbe ni jino.

Namna ya kumsafisha, asubuhi na jioni

1. Nawa mikono kwa sabuni. Tayarisha mswaki laini, kitambaa safi na kikombe cha maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa.

2. Mwombe ruhusa: «Baba, naomba nikusafishe kinywa.» Hata asiyejibu huenda anasikia.

3. Mketishe. Asiyeweza kuketi, mlaze ubavu ili maji yatoke nje.

4. Tia dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mahindi. Sugua polepole meno, fizi na ulimi. Asiyeweza kutema, mfute povu kwa kitambaa. Usimmiminie maji kinywani. Usiingize kidole katikati ya meno, anaweza kuuma bila kutaka.

5. Asiye na meno, mfute fizi na ulimi kwa kitambaa laini kilicholowa maji.

6. Meno ya bandia yatolewe usiku, yasuguliwe, yalazwe katika maji safi.

Kila mtu awe na mswaki wake. Damu ya fizi inaweza kupitisha homa ya ini. Tusisugue kwa mchanga, unakwangua meno.

Mpeleke kituo cha afya upesi akivimba uso, akipata homa pamoja na maumivu ya jino, au akishindwa kumeza. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki 2 pia kionwe na muganga.

Kwa viongozi

Jueni ni nyumba zipi zina watu wa namna hii. Panapogawiwa sabuni, ombeni na miswaki kwa ajili yao. Kazi hii isiachwe kwa msichana mmoja hata akakosa masomo. Wavulana na wanaume nao washike zamu.

Mzee asiyeumwa atakula na wenzake na kutoa shauri lake. Ugomvi wa mashamba na wa maji unapotokea kati ya waliokimbia na wenyeji, sauti yake tunaihitaji.